Maua Meupe kwenye Walima wa Shemeji

Dada Mwatima,

Salamu ya watu wa makaburini nilikutolea juzi pale getini, kwa hiyo hapa naingia moja kwa moja, kama nilivyokuwa nikiingia chumbani kwako bila hodi, ukanifokea, nikakaa vivyo hivyo. Nimemkomesha. Nimetaka ulijue hilo mwanzo kabisa, maana hukuwa na subira na mtu wa hadithi ndefu. Sasa nikueleze nilivyomkomesha, na hadithi hii utaisikiliza hata ikiwa ndefu.

Mumeo ameoa. Najua kuoa si dhambi, tena mwanamume hana eda. Lakini hata arobaini yako hakuingoja. Kanzu aliyovaa kukuzika ndiyo aliyovaa kuozeshwa. Naijua kwa sababu niliifua mwenyewe, na doa la udongo kwenye pindo halikutoka. Alikwenda Dar na kanzu ile kwenye sanduku, akarudi huku Guangzhou kwa treni ya kutoka Hong Kong na msichana anaitwa Ruhaina, mdogo, mpole, anacheka kila anapoambiwa jambo. Nilimtandikia kitanda. Kitanda chako, Dada.

Hilo ningelimeza. Nimemeza mengi. Kilichonikaba ni kingine.

Kule Shisanhang, kwenye ule mtaa wa nguo za jumla, wewe ndiye uliyekuwa ukijulikana. Malaoban wote, hao wenye maduka, wake kwa waume, walikupa mzigo kwa uso wako. Walishindwa kutamka Mwatima wakakuita Mati, na Shemeji Mbarouk walikuwa wakimwita mume wa Mati, jambo ambalo lilimkata maini ingawa alijitia hamnazo. Basi ulipofariki aliona akisema umekufa milango itafungwa. Akawaambia umerudi kwenu kupumzika. Kila akienda kuchukua mashati anasema Mati anawasalimu. Anawapelekea salamu zako, wewe uliye chini ya udongo si mbali na hapo. Mama Lian, yule laoban wako wa magauni aliyekupenda kuliko wote, akawa anakuletea vifurushi kupitia kwake. Chai ya maua, na dawa za tumbo. Dada, dawa za tumbo. Naye anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, uso mkavu.

Wakati ni tumbo hilohilo alilolipuuza. Ulikuwa umejikunja juu ya marobota ya jinzi, jasho linakutoka kama umemwagiwa maji, na mimi nimesimama baina yenu. Nilimwambia tukupeleke hospitali. Akanijibu, "Tumbo la kike hilo, Salme. Kontena likishafungwa bandarini Huangpu tutampeleka." Hakuna aliyejua kukagua mzigo ule ila wewe, na yeye alijua hivyo. Ukanyanyuka. Ukakagua, mkono mmoja umeshika nguo na mwingine umeshika ubavu. Kontena lilifungwa. Tulipokufikisha, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, na daktari akauliza kwa ishara mlikuwa wapi siku zote hizi. Nilimtazama Shemeji ajibu. Alikuwa anaangalia peja yake, kama kuna aliyemwita.

Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Mimi nilikwenda nikasimama getini, kwani nani mwingine wa damu yako angekwenda? Wazee wa Kichina wa msikitini walikubeba taratibu, Mungu awalipe. Mumeo alikuwa wa kwanza kukung'uta mikono.

Nilitaka siku ya pili yake nende kwa Mama Lian nikamwambie. Shemeji alinisoma, akamwahi Mama kwa simu huko Unguja. Jioni Mama akanipigia. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kilio. Alisema, "Funga mdomo wako, Salme. Watoto wa dada yako wanakula hapohapo." Akanitaka niape. Nikaapa kwamba neno la kifo chako halitatoka kinywani mwangu mbele ya Mchina yeyote. Shika hilo, Dada, kwamba niliapa.

 Tangu siku ile nampikia wali, namsikia anavyotafuna, nauma meno.

Unaikumbuka ile hoteli ya Huanshi, yenye ukumbi wa vioo upande wa barabarani? Wale wake wa Kijapani, ambao waume zao wako viwandani, wanakaa mbele ya mabakuli wakisimamisha maua? Ulikuwa ukisimama pale na mifuko yako mikubwa ya plastiki, unabana paji la uso kwenye kioo mpaka mlinzi anakohoa. "Yule mama ameshika ua moja saa nzima," uliniambia. "Kwetu angeshamaliza maharusi watatu." Tukacheka mpaka mfuko mmoja ukapasuka. Kumbe baada ya hapo ulirudi peke yako ukaongea na Qin, yule binti wa mapokezi, ukatuandikisha sote wawili kwa darasa la wanaoanza. Hukuniambia. Nilijua Qin alipoiita peja yako, ambayo sasa naibeba mimi. Nikampigia, akasema ikebana, ndilo darasa lenyewe la maua ya Kijapani, inaanza, Mati na mdogo wake wanangojewa.

Nilikwenda. Sikwenda kwa kupenda maua, nisikudanganye. Nilitaka mahali pa kukaa ambapo Shemeji hayupo, na nilitaka kuketi kwenye kiti ulichokichagua wewe.

Mwalimu ni mama mmoja wa Kijapani, Bi Hisako, mwembamba, mwenye aproni ya kijivu na vidole vya mtu aliyefanya kazi. Hana neno la Kichina la maana, mimi sina la Kijapani, kwa hiyo Qin alikaa katikati akinitafsiria kwa Kichina cha sokoni ninachokijua. Kulikuwa na ndoo zimejaa maua ya kila rangi na matawi makavu, tukaambiwa kila mtu achague. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye meupe. Yale makubwa ya duara, yenye petali nyembamba nyingi, wenyewe wanayaita juhua. Nani wa kwetu angechagua jingine? Ua jeupe ndilo la bibi harusi. Nikakumbatia ndoo nzima.

Halafu nikafanya kazi kama Mama alivyotufundisha, Dada. Nikakata vichwa vyote. Vikonyo nikavitupa kwenye pipa, maana kwetu kikonyo ni taka, asumini unachuma kichwa tu, unatunga. Nikatoa sindano na uzi kwenye mkoba, si unajua sikosi sindano, nikaanza kutunga koja. Nilikuwa nimefika nusu nilipoinua uso. Wale wake za watu wamenitolea macho pima. Qin ameziba mdomo kwa mkono.

Bi Hisako alikuja akachungulia pipani. Akaweka mkono kifuani. Kisha akainama akavitoa vile vikonyo, kimoja kimoja, akavifuta kwa aproni, akavisimamisha kwenye bakuli. Wao wana kitu cha chuma kizito chenye sindano nyingi zilizosimama, ndicho kinachoshika vikonyo chini ya maji. Vikasimama pale vitupu, havina vichwa. Koja langu akalilaza kwenye maji mbele yake, wala hakulirekebisha. Akasema kitu kifupi. Qin akatafsiri kwamba mara nyingine nianze na ua moja. Ningekuwa na wewe tungecheka njia nzima hadi nyumbani Xiaobei.

Tulipokuwa tunafagia, Qin akanivuta pembeni. Alikuwa mpole lakini amekaza uso. Akasema, "Dada, haya meupe usiyapeleke nyumbani kwa mtu. Hapa kwetu ni ya msiba. Ukimpelekea mtu mwenye furaha ni kama umemletea jeneza."

Nikasimama na ufagio mkononi. Nikamuuliza kama Mchina yeyote akiyaona atajua. Akasema hata mtoto. Nikauliza kuhusu ua jeupe kwenye nywele. Akasema hilo anavaa mwanamke aliyefiwa. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu ufe, nililala usingizi.

Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi kweli. Bi Hisako alinifundisha kukata kikonyo ndani ya maji ili ua lisimeze hewa, lidumu. Alisema usisitesite, mkono uamue. Mimi sikusitasita. Kila nikikata nilikuwa na shingo moja tu akilini, naye akanisifu mbele ya wenzangu kwamba mkono wangu una uamuzi. Tatizo langu lilikuwa kujaza. Si unatujua, sisi meza ikionekana mbao tunaona aibu. Nikijaza, yeye anapita nyuma yangu anachomoa. Anachomoa, anachomoa, mpaka yanabaki matatu na uwazi mkubwa upande mmoja. Nilinuna. Akaniambia kwa kinywa cha Qin kwamba uwazi ule ni mahali pa anayetazama, aingie. Nilidhani ni maneno ya watu wenye nafasi, mpaka nilipomfikiria Mama Lian.

Kwani Shemeji alikuwa ameshaandaa jambo lake. Wachina walikuwa wanaanza kuuliza mno habari zako, basi akaona awaite malaoban wote kwenye walima, awaonyeshe Ruhaina. Unajua alipanga kuwaambia nini? Kwamba sisi Waislamu mwanamume huoa wa pili, na Mati mwenyewe ametoa ruhusa kutoka huko aliko. Alinieleza haya huku anachokonoa meno. Kisha akasema, "Wewe si unasoma maua? Tupambie meza."

Nikamjibu, "Ewallah, Shemeji."

Walikodi chumba cha juu katika mkahawa wa Waislamu wa Kichina hapo Huanshi Zhonglu, chenye meza ya duara na kile kioo kinachozunguka. Nilifika mchana peke yangu. Nikachukua bakuli jeusi. Nikasimamisha juhua tatu ndefu, nikaongeza madogo machache, na kikonyo kimoja kitupu kisicho na kichwa, hicho ni chako. Upande wa kiti cha Mama Lian nikaacha uwazi. Ndani ya uwazi ule nikauweka utepe wako wa kupimia, ule wa manjano uliokuwa ukiuvaa shingoni kutwa, nikauzungusha ukalala kwenye maji. Mama Lian ndiye aliyekupa, na ndiye aliyeufunga uzi mwekundu kwenye ncha usipotee dukani kwake. Nilihakikisha uzi unaonekana. 

Shemeji aliingia ananukia udi. Akasimama mbele ya meza, akafurahi, Dada, akafurahi kwa dhati. "Mashaallah," akasema. "Utadhani asumini za kwetu. Umemheshimu mwenzio." Akauona utepe, hakuutambua, akasema nimesahau vifaa vyangu. Nikamwambia hapana, ndivyo wanavyofanya Wajapani. Akatikisa kichwa kama mtu anayejua. Ruhaina naye akapendezwa, akachomoa ua moja dogo akajichomeka nywele pembezoni mwa mtandio, kama bibi harusi yeyote wa pwani angefanya. Hilo sikulipanga. Sikumzuia pia.

Wakaja. Walipanda ngazi kwa kelele na vicheko, wamevaa vizuri, wana bahasha zao nyekundu mkononi. Laoban Fu wa mashati alikuwa wa mbele. Akafika mlangoni, akaona meza, akasimama, wa nyuma wakamgonga mgongoni. Akaona ua kwenye nywele za bibi harusi. Taratibu akairudisha bahasha ndani ya koti. Vicheko vikafa kimoja kimoja. Shemeji anawakaribisha kwa mikono miwili, karibuni, karibuni, anatabasamu, anazungusha kile kioo cha meza ili wayaone maua vizuri. Aliyazungusha mwenyewe. Bakuli likazunguka mbele ya kila mmoja, halafu likatua palepale nilipotaka.

Mama Lian akaingiza mkono kwenye uwazi akautoa utepe. Maji yakamchuruzika kwenye mkono wa koti lake jekundu la sherehe. Akaushika ule uzi. Akamtazama Shemeji akamuuliza, kwa Kichina ambacho hata mimi nakijua, Mati yuko wapi.

Shemeji akasema unapumzika nyumbani. Akasema unawasalimu.

Ruhaina alikuwa amelikamata jina lako, akamgeukia mumewe akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wanamuulizia marehemu? Kwani hujawaambia?"

Wachina hawakuelewa maneno, lakini uso wa Shemeji waliuona, ulikuwa umeshuka rangi kama nguo iliyotiwa jiki. Mama Lian akanigeukia mimi. Hakuniuliza kwa mdomo, aliniuliza kwa macho. Nami nilikuwa nimeapa, Dada. Nikaweka mikono yote miwili kichwani, nikainama. Neno halikutoka.

Alilia bila sauti. Kisha akavua lile koti jekundu, akaligeuza ndani nje, akalikunja mkononi juu ya utepe wako, akatoka. Wakamfuata wote. Chakula kilikuwa kimeshapangwa, kuku mzima, samaki mzima, hakuna aliyegusa. Shemeji akabaki na kijiko mkononi kwenye meza ya watu wengi, mbele ya matanga aliyokataa kuyakaa. Nilisimama ukutani nikamtazama mpaka nilipotosheka. Nilitosheka kidogo tu.

Ulinifundisha kwamba ukienda dukani ukaambiwa "meiyou", hakuna, na huku mzigo unauona kwenye rafu, ujue kisichotakiwa ni wewe. Dada, sasa mumeo anaambiwa meiyou kuanzia mwanzo wa Shisanhang mpaka mwisho wake. Anaonyesha kwa kidole mashati, anaambiwa meiyou. Anaonyesha magauni yanayoning'inia juu ya kichwa chake, meiyou. Anazunguka na lile begi lake kubwa tupu, anarudi nalo tupu. Mimi nilimfuata siku moja kwa mbali, niyaone kwa macho yangu. Nilikula peremende.

Mzigo sasa napewa mimi, kwa jina lako. Watoto wako wanakula na wanasoma, usihofu. Mama alipopata habari alinipigia simu amewaka. Nikamwambia, Mama, niliapa sitasema na sikusema.  Akauliza maua yalikuwa ya aina gani.

Ruhaina amerudi kwao. Hakunipa kwaheri. Sikumtarajia anipe, nilimtumia kama sindano, na yeye hakuwa na kosa ila kuolewa. Namwombea mume mwenye heri. Ila msamaha wake siuombi.

Shemeji alikuja chumbani kwangu juzi. Amenywea. Alikaa kwenye robota akashika kichwa, akaniomba nende kwa malaoban niwaambie alikuwa amechanganyikiwa kwa majonzi, kwamba alikupenda, kwamba neno langu moja litamwokoa. Nilimwacha amalize yote. Kisha nikamwambia, "Shemeji, mimi niliapa kwa Mama kwamba sifungui mdomo." Nikampa chai yake ya maua, ile uliyoletewa wewe. Dawa za tumbo nimezibakisha, siku atakayozihitaji nitamwambia angoje kontena lifungwe.

Juzi hiyohiyo nilimleta Mama Lian kaburini kwako. Nadhani ulitusikia. Alikuja na mzigo wa juhua nyeupe, za vikonyo virefu, akasimama nazo hajui kwetu huwekwa vipi. Nikakaa chini, nikakata vichwa, nikatoa sindano. Akanitazama kidogo, akaketi na yeye kwenye majani kwa sketi yake nzuri, akawa ananipa ua moja moja. Tukakutungia koja refu kama yale Mama anayowatungia maharusi. Alipoona limekamilika akaufunga utepe wako wa manjano mwishoni, akauacha hapo.

Darasani bado nakwenda. Bi Hisako ananiambia mimi bado naanza. Anasema kuna watu wanasimamisha maua maisha yao yote na bado wanaanza, na mimi nimemwambia vizuri, sina haraka.

Basi Dada, nisikuchoshe. Hukupata matanga, umeyapata. Usinijie ndotoni kuniomba nimsamehe, maana nakujua moyo wako, na mimi sina moyo huo. Siku akipata mtoto sitapeleka maua, mtoto hana kosa. Lakini akifungua duka hapa Guangzhou, akialika wageni, akipata laoban mpya asiyemjua, asubuhi ya siku hiyo mlangoni pake patakuwa na bakuli jeusi, na juhua tatu, na uwazi upande mmoja. Hiyo ni ahadi yangu kwako, na unaona mwenyewe ninavyoshika viapo.

Pumzika. Kweli sasa, si kama alivyokuwa akiwaambia watu. Mkasi ninao mimi.

Mdogo wako,
Salme